Aliyekalia Mtumbwi Kabla ya Babu

Siku babu yangu alipopinduka kwenye ghuba ya Nungwe, kilichotaka kumuua hakikuwa mamba wala mawimbi. Ni makalio yake mwenyewe.

Mtumbwi uligeuka chini juu, yeye akabaki humo humo ndani. Kichwa chini, nyonga zimebana, magoti yamebana, anakunywa ziwa kwa pua. Wavuvi wawili waliokuwa karibu wakaja mbio, wakamvuta mabega, hatoki. Ikabidi mmoja aukanyage mtumbwi na mwingine avute kwa nguvu zote ndipo akachomoka.

Msicheke. Mtu alikuwa anakufa.

Nasimulia kama nilivyoipata kwa babu na bibi, maana kila mmoja alikuwa na nusu yake. Mimi sikuwepo, hata mama yangu alikuwa bado hajazaliwa. Lakini mambo haya yasingeenda yalivyoenda, mimi nisingekuwa hapa naandika, kwa hiyo naihesabu ni habari yangu.

Babu aliitwa Mageni. Msukuma wa Didia, kule Shinyanga kwenye pamba na ng'ombe, ambako maji mengi uliyoyaona utotoni ni ya lambo. Alikuwa jitu la miraba minne. Kigoda akikikalia, kinalia.

Miaka ya hamsini inaanza alikwenda Geita kuchimba dhahabu ya Wazungu. Huko chini ya ardhi njia zilikuwa zimechimbwa kwa watu wa kawaida. Babu akigeuka anagonga bega, akiinuka anagonga kichwa. Akavumilia wee, siku moja akarudisha koleo, akasema basi.

Hakurudi Didia, kwa sababu alikuwa ameshamwona Paskalia.

Paskalia ndiye bibi yangu. Mzinza wa ng'ambo ya ghuba, binti wa katekista Gregory. Na huyo Gregory, wacha tu. Babu hakuwa amebatizwa na hakuwa na mpango huo, kwa hiyo kuomba mke pale ilikuwa kupoteza muda. Wakatoroka.

Gregory akatangaza mbele ya watu: hakuna mtu wa nyumba yake atakayekanyaga kwa yule mpagani mpaka ndoa ifungwe kanisani. Babu naye akapandwa na kiburi. Akaapa kwamba yeyote wa nyumba ile akikanyaga kwake, atamtoa mbio.

Basi mlango ukafungwa kwa nje na kwa ndani.

Wakajenga kibanda upande huu wa ghuba, jirani na mwalo, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi. Babu akajifunza kuvua kwa ndoano, akiwauzia wachimbaji samaki, ningu na sato. Nyumbani waliongea Kiswahili, kwa kuwa mmoja hakujua Kisukuma na mwingine hakujua Kizinza.

Mimba ya kwanza ya bibi iliharibika. Wanawake wa pale mwaloni walijitahidi, lakini mtoto hakupona, na bibi mwenyewe nusura aende. Dispensari ya misheni ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu. Ile ya pili, tumbo likiwa limeshakuwa kubwa, ndipo babu akakwama majini.

"Utaniacha mjane kwa sababu ya gogo," bibi alimwambia akilia.

"Nikipata pesa nitatafuta linalonienea," babu akajibu.

Hakutafuta. Lilimfuata lenyewe.

Haikupita hata wiki, akaja Donatus, mchonga mitumbwi wa ng'ambo. Mtu mwembamba kama ufito, Mkatoliki mpole, tezo haimtoki mkononi. Alikuja na mtumbwi ambao babu hajawahi kuuona pale ghubani. Wa mvule, mpana, umetulia majini kama ng'ombe aliyelala.

"Nimesikia umekwama," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Aa, si unawajua wavuvi. Sasa, wako unabana, wangu mpana. Tubadilishane."

Babu akautazama wake. Umepasuka ubavuni, umezibwa kwa matambara. "Unataka niongeze nini?"

"Hakuna."

"Hata samaki?"

"Hata samaki."

Jamani. Mtu anakupa mtumbwi wa mvule, anachukua mgonjwa wako, na haombi hata kichwa cha ningu. Wewe ungefikiri nini?

"Ila jambo moja," Donatus akasema, mguu mmoja umeshaingia kwenye ule mwembamba. "Ukae huku nyuma. Hapa katikati weka samaki, weka kamba, weka chochote. Usipakalie."

"Kwa nini?"

"Kaa nyuma tu, ndugu yangu."

Na alipokuwa anasema hivyo, macho yake hayakuwa kwa babu. Yalikuwa yamevuka bega la babu mpaka kule kibandani, ambako bibi alikuwa amesimama mlangoni. Halafu akapiga kafi akaenda zake. Babu alibaki pale na mtumbwi mzuri, roho haijatulia.

Akatii kwa siku chache. Nyuma hapakuwa pabaya, ila magoti yalisugua. Katikati, sasa, kuna mtu alikuwa amepanua mbavu kwa tezo, taratibu, kwa ustadi. Chini pamelainika kwa kukaliwa. Kila akitupa ndoano jicho linakwenda pale.

Mwisho akahamia.

Pakamwenea! Nyonga zikaingia bila kusukuma, magoti yakapata nafasi, mgongo ukanyooka. Alinisimulia hilo akiwa mzee na bado uso ulikuwa unang'aa. Alisema tangu azaliwe alikuwa hajawahi kukaa mahali pakamkubali namna ile.

Ila alipokuwa anafurahia, wazo likamjia na nywele zikamsimama.

Hapa palikuwa na mtu. Mtu mwenye mwili kama wangu. Na Donatus ni ufito.

Aliporudi mwaloni, bibi alikuwa anamsubiri na karai la samaki. Kumwona tu amekaa katikati, karai likamtoka mikononi.

"Mageni! Kaa nyuma!"

Babu akaganda. Yale yale maneno ya Donatus. Na siku ile Donatus anasema, bibi alikuwa mbali, asingeweza kusikia.

"Kwa nini nikae nyuma?"

"Uta... utapinduka."

"Huu haupinduki."

Bibi akainama kuokota karai.

Pale mwaloni kulikuwa na Mwamvua, mchuuzi wa samaki aliyetoka Ujiji, mwanamke mwenye mdomo. Akaweka mikono kiunoni. "Mageni, naona leo umekaa pazuri!"

"Pazuri sana."

"Panakuenea?"

"Pananienea."

"Hata mwenzio palikuwa panamwenea!"

Wanawake wote wakaangua kicheko. Mmoja alikaa kabisa mchangani, anafuta machozi kwa kanga. Bibi peke yake hakucheka, aliinamisha uso kama anahesabu vidole vya miguu.

Mwenzio. Neno hilo babu alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo.

Kuna mwenzake. Mnene. Alikuwa anavushwa na Donatus kwenye mtumbwi huu, mwalo mzima unajua, na mke wake anajua mahali alipokuwa anakaa.

Kesho yake akaupekua mtumbwi. Mbele kabisa, chini ya ubao, akakuta ngata ya majani, ile ya kuwekea mzigo kichwani, imechakaa kwa kukaliwa. Imesukwa vizuri, mwishoni imefungwa kwa uzi mwekundu wa blanketi. Babu alilijua blanketi hilo. Lilikuwa la kwao, kitandani.

Akairudisha palepale.

Hapo ndipo akaanza kukumbuka mambo. Kabla ya mtumbwi huu, nyumbani kulikuwa hakukosekani ndizi mbivu. Kulikuwa na kibuyu cha maziwa, na wao hawakuwa na ng'ombe. Hakuwahi kuuliza, alikuwa anakula tu. Tangu mtumbwi uje, hakuna ndizi, hakuna maziwa, na bibi amekuwa mnyonge, anatazama ng'ambo na kufuta macho.

Anamlilia nani?

Basi wivu ukamwingia babu yangu mpaka kwenye mifupa. Akaanza kuwapima wanaume makalio. Sitanii. Mtu akipita njiani, babu anamsindikiza kwa macho, anakadiria. Akaona wote wembamba, isipokuwa Marcel.

Marcel alikuwa mpishi wa Wazungu wa mgodini, amenenepa kwa siagi, na kila wiki anakuja mwaloni kununua samaki. Anacheka na kila mtu. Na alimwita bibi "shemeji", tena kwa sauti tamu.

Babu akamtega.

"Bwana Marcel, hebu nisaidie. Kaa hapo katikati nione kama mtumbwi umelala sawa."

Marcel, maskini, akavua viatu, akapanda. Akajishusha. Akakwama njiani! Nyama zimemwagika pande zote mbili, chini hafiki.

"Mbona unaniangalia hivyo, bwana Mageni?"

"Hamna. Shuka tu. Wabeja," akamshukuru kwa Kisukuma.

Babu alipumua, kisha akanuna upya. Kama si Marcel, ni nani?

Nyumbani akaacha kuongea. Ugali anakula nusu, analala ameupa ukuta uso. Na likamjia lile wazo baya kuliko yote, akawa analiangalia tumbo la mke wake na kujiuliza ni la nani. Aliniambia hilo kwa aibu kubwa, lakini aliniambia. Alikuwa ameshaamua kwamba akithibitisha, atamrudisha kwa Gregory na tumbo lake, mtoto azaliwe akiwa wa huko.

Asubuhi moja akaamka kabla ya chai, akachukua panga kwenye kona.

Bibi alikuwa amesimama ameegemea nguzo ya mlango, mkono kiunoni.

"Una nini?"

"Mgongo tu. Tangu jana."

"Paskalia, nani alikuwa anaukalia ule mtumbwi?"

Bibi akalitazama panga, akamtazama yeye. "Mwulize aliyekupa."

"Wewe hujui?"

"Kama una swali la Donatus, nenda kwa Donatus. Nenda sasa hivi, usiniulize mimi."

Yaani anamfukuza! Babu akatoka bila kugeuka. Akaingia mtumbwini, na kwa hasira akakaa palepale katikati, panga miguuni, akapiga kafi kuelekea ng'ambo.

Donatus alikuwa ufukweni upande wa pili, amekaa kwenye kivuli, mguu mmoja amefungwa matambara. Tezo ilikuwa imemkata muundini. Mbele yake kulikuwa na gogo jipya la mvule, limeshaanza kutobolewa, pana vilevile. Nyuma yake kuna mafunjo marefu.

Babu hakusalimia. Hakushuka hata mtumbwini.

"Nani alikuwa anakaa hapa?"

Donatus akaona panga. Akaona pia babu alipokalia. Cha ajabu, lililomtisha ni la pili.

"Ndugu yangu, shuka. Shuka hapo kwanza, nakuomba."

"Sishuki. Nani alikuwa anakaa hapa? Mwanaume gani?"

Donatus akageuza shingo kuangalia mafunjo. Na mafunjo yakajibu. Sauti ya mwanamke, nzito, yenye hasira.

"Donatus! Mwambie huyo mtu ashuke kwenye kiti changu!"

Babu alisema ziwa lote lilinyamaza. Kwenye upenyo wa mafunjo akaona mgongo mpana, kanga imefunika kichwa, umegeukia upande mwingine. Alikuwa anaujua mgongo ule. Aliwahi kuuona mara moja kwa mbali, akakimbilia vichakani kama inavyompasa mkwe.

Alikuwa mama mkwe wake, mama wa Paskalia.

Wa mjini huenda msilione uzito wake. Babu kwao, na bibi kwao pia, mtu na mama mkwe wake walikuwa hawatazamani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini. Hamli pamoja. Hamwongei uso kwa uso, mpaka awepo mtu katikati wa kupokea maneno na kuyapeleka. Na mahali alipokalia mama mkwe, hukai. Ukikaa, umejivua nguo. Utatozwa mbuzi, na utaimbwa mpaka wajukuu wako waukute wimbo.

Babu alikuwa amepakalia kila siku, kwa raha zake, na kuwaambia wanawake wa mwaloni kwamba panamwenea.

Alitoka mle kama aliyekalia siafu. Akaangukia majini, akainuka, akageuka akatazama ziwa ili asimwone. Wakawa wamesimama hivyo, yeye anatazama maji, mama anatazama mafunjo, Donatus katikati anatafuta mahali pa kuweka macho.

"Mama alikuwa anavuka mchana ukiwa ziwani," Donatus akasema. "Anampelekea binti yake maziwa na ndizi, kakalia ngata aliyosukiwa na huyo binti. Wewe ulikuwa umeapa, mzee Gregory ameapa. Ningekwambiaje?"

"Donatus," mama akasema kwa mafunjo, "mwulize huyo mtu, mwanangu anaendeleaje?"

"Anauliza, mwanawe anaendeleaje?"

"Mwambie mama, hajambo. Ana mgongo tu. Tangu jana."

Mafunjo yakatikisika.

"Mwulize, mgongo unakuja na kuondoka?"

"Unakuja na kuondoka?"

Babu akamkumbuka bibi pale kwenye nguzo, vidole vilivyokuwa vimeikamata nguzo, jasho la asubuhi na jua halijapanda. "Mwambie... ndiyo. Nadhani ndiyo."

"Donatus, mwambie huo si mgongo! Mwambie huo ni uchungu, na amemwacha mwanangu peke yake na wale waliomuulia mtoto wa kwanza!"

Wakati huo huo alikuwa ameshatoka mafunjoni, kanga usoni, anatembea kuelekea mtumbwini. Donatus akajaribu kusimama, mguu ukakataa. Kupiga magoti mtumbwini asingeweza. Ule mwembamba wa babu ulikuwa umelala hapo kando, na mama mkwe asingeingia humo hata nusu.

Palikuwa na mtumbwi mmoja, na mpiga kafi mmoja.

Mama akapanda. Akakaa katikati, pakamwenea. Babu akapanda nyuma, akapiga magoti, macho kwenye vidole vyake. Donatus akasukuma kwa fimbo, akabaki ufukweni, na hapo wote wawili wakatambua kwamba mtu wa kupokea maneno hayupo tena.

Ghuba ile si ndogo. Wakaenda, wakaenda, hakuna anayefungua mdomo. Babu anapiga kafi kwa hofu, maji yanaruka huku na huku.

Mama mkwe akagonga ubavu wa mtumbwi kwa kiganja.

"Mtumbwi," akasema, "mwambie huyo mtu anapiga kafi kama anatwanga mihogo. Aingize ndani zaidi."

Babu akaduwaa. Akatazama mbele, akarudisha macho chini. Kisha naye akaugonga.

"Mtumbwi, mwambie mama nimesikia."

Wakaanza kwenda vizuri.

"Mtumbwi, mwulize hilo panga la nini."

"Mwambie mama... la kukatia mafunjo."

"Mwambie namshukuru Mungu mafunjo yamepona."

Babu akapiga kafi, masikio yanamuwaka. Lakini kuna swali lilikuwa bado linamkaba, na lilikuwa halina wivu ndani yake sasa.

"Mtumbwi, mwulize mama. Kama hii ndiyo ilikuwa njia yake ya kuvuka, kwa nini aliutoa?"

Mama akaugonga tena mtumbwi.

"Mwambie siku ile alipopinduka, kesho yake nilikuwa kwake. Mwanangu alinililia mpaka nikalowa. Akasema, mayu, mama yangu, mume wangu atakufa ndani ya gogo lile. Nikarudi nikamwambia Donatus ampelekee huu, mimi anichongee mwingine. Na amkataze kukaa pangu, maana hajui ni pa nani. Mimi kumwona mwanangu naweza kungoja. Yeye akizama hangojewi. Mwambie ndivyo ilivyokuwa, hakuna lingine."

Babu alilia. Alilia huku anapiga kafi, kwa sababu mikono haikuwa na nafasi ya kufuta machozi. Mama mkwe alimsikia, mtumbwi mdogo vile utaacha kusikia? Hakugeuka. Alichofanya ni kuvuta kanga yake vizuri na kutazama mbele.

Walipofika, Mwamvua na wenzake walikuwa wameshajaa kibandani, na bibi anaita jina la mama yake. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, ametanguliza miguu. Mama mkwe akaingia, akawatoa wote isipokuwa Mwamvua.

Babu akakaa nje ameupa mlango mgongo. Aliyekuwa anamchukia asubuhi, sasa anamwombea kwa kila alichokijua, wahenga wa Didia na yule Mungu wa Gregory, wote kwa pamoja. Jua lilipita juu ya kichwa chake bila yeye kusogea.

Mwishowe akasikia sauti ndogo, kali, ya mtu aliyeudhiwa.

Mlango ukafunguka. Kivuli kikubwa kikasimama nyuma yake, na safari hii hapakuwa na Donatus wala mtumbwi. Kisha akasikia:

"Mtoto, mwambie baba yako una nyonga pana kama zake. Umemtesa mama yako. Lakini mama yako mzima."

Huyo mtoto ndiye mama yangu.

Babu akajibu bila kugeuka. "Mtoto, mwambie bibi yako... mwambie hapa ni kwake. Aje siku yoyote, mlango uko wazi."

Gregory alinuna kiasi chake. Alipopelekewa mjukuu mikononi, kununa kukamshinda. Ndoa ilifungwa kanisani baadaye, babu akabatizwa Yosefu, na mbuzi wa kile kiti alilipa bila kubishana. Wimbo nao ulitungwa. Mwamvua ndiye aliyeutunga, na siuandiki hapa.

Mimi nilidhani habari imeishia hapo. Babu naye mpaka anafariki alidhani imeishia hapo.

Mwaka jana nilikuwa nimekaa na bibi, mkongwe sasa lakini akili kama wembe. Nikamwuliza jambo lililokuwa linanisumbua.

"Bibi, ile asubuhi ulikuwa unajua ni uchungu?"

"Nilijua tangu usiku."

"Sasa mbona hukumwambia babu? Kwa nini ulimwacha aondoke na hasira zile?"

Akanitazama kama mtoto mjinga.

"Ningemwambia, angebaki. Angeniitia wale wale wa kwanza. Ningesema kamlete mama, angekumbuka kiapo chake tuanze kubishana, na mimi sikuwa na muda wa kubishana. Lakini mwenye wivu ukimwambia nenda, anakwenda. Mama alikuwa hakosekani pale kwa Donatus mchana, anamhimiza amalize mtumbwi. Akimwona mkwe wake peke yake, lazima aniulizie."

"Kwa hiyo ulijua anakushuku?"

"Mwanaume anampima Marcel makalio mchana kweupe, nisijue?"

"Na panga, bibi? Kama angemkata Donatus?"

"Lile kali nililichomeka kwenye paa tangu jioni. Alichukua la kuparia, halikati hata kitunguu."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka sana. Akasema, "Ila niliogopa. Nilikaa pale nahesabu mapigo ya kafi yake, najiuliza kama nimemtuma amlete mama au nimemtuma akaniache."

Mnaosoma hadi hapa, nina langu moja la kuwaambia. Kuna mtu humu amemnunia mke, mume au ndugu kwa habari aliyoitunga mwenyewe, ameikusanyia ushahidi, na kila anachokiona kinaingia palepale. Mwulize. Mwulize leo, kabla hujashika kitu mkononi. Babu yangu aliponea kwenye jambo dogo sana, kwamba yule aliyekuwa anamshuku ndiye aliyekuwa anaitunza akili ya nyumba ile, hata kwenye uchungu wa kuzaa.